Viungio kwanza, vipimo baadaye: kufunga kigari cha pembeni kwenye BMW R100RT

Pikipiki ikishafungwa kigari cha pembeni huacha kuwa pikipiki. Haiinami tena kwenye kona wala haigeuki kwa mbinu ambazo dereva wa magurudumu mawili amezizoea. Haiwi gari pia, kwa kuwa magurudumu yake matatu hayakupangwa kwa ulinganifu: mawili yamefuatana katika mstari mmoja, na la tatu limekaa peke yake ubavuni, halisukumwi na injini, bali huburuzwa kila pikipiki inapokwenda. Gurudumu hilo la tatu hutaka kuuvuta usukani upande wake saa zote. Kazi ya kufunga kigari na kukilinganisha ni kazi ya kulizuia lisifanye hivyo, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa utaratibu, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuianza yaliishia kwenye jedwali la namba na kuacha mambo yanayozifanya namba hizo ziwe na maana.

Ninaishi katikati ya Uingereza, si mbali na Birmingham, na pikipiki yangu ni BMW R100RT ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: injini ya silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto, ujazo wa sentimita za ujazo 980, shafti badala ya mnyororo, na ngao kubwa ya upepo iliyoifanya ipendwe na watu wa safari ndefu. Mke wangu alisafiri nami akiwa amekaa nyuma mpaka magoti yake yalipoanza kukataa mkao ule. Hatukuwa tayari kuacha kwenda pamoja Wales na Scotland, kwa hiyo tukaanza kutafuta kigari kilichotumika.

Vigari vya namna hiyo bado vinapatikana hapa, na sababu yake ni ya kihistoria. Fred Watson alijenga kigari chake cha kwanza mjini Birmingham mwaka 1912, kikiwa na fremu inayokunjwa ili kiweze kupita kwenye njia nyembamba ya kuingilia uani kwake, na kampuni ya Watsonian iliyotokana na kigari hicho iliendelea kuvitengeneza kwa miongo mingi, ikaungana na Squire mwaka 1988. Katika miaka ya 1950 familia nyingi za wafanyakazi wa Uingereza zilikuwa zikisafiri hivi: baba kwenye pikipiki, mama na watoto kwenye kigari. Mwaka 1959 ikaja Mini, gari dogo la bei nafuu lililokuwa na paa, na soko la vigari likaporomoka. Vilivyobaki vimekuwa vikihama kutoka gereji moja hadi nyingine, kila mara vikifungwa kwenye pikipiki ambayo havikutengenezewa.

Jambo la kwanza la kuuliza kabla ya bei ni upande. Uingereza huendesha kushoto, kwa hiyo kigari hufungwa kushoto, karibu na ukingo wa barabara. Kwa pikipiki zilizoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1981 au baadaye hilo ni takwa la sheria. Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya huendesha kulia na vigari vyake hukaa kulia. Ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaofikiria kuagiza kigari kilichotumika watambue kwamba cha Uingereza ndicho kinachofaa barabara zao, ilhali walioko Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji cha Ujerumani au Ufaransa. Kugeuza upande ni zaidi ya kuhamisha vifungio, kwa sababu ekseli ya gurudumu, shokapu yake na mlango wa abiria vyote vimejengwa kwa kufuata upande mmoja.

Nilichokipata kilikuwa cha mtu mmoja tu, mwili wa fibaglasi, fremu ya mabomba ya chuma, gurudumu moja lenye shokapu moja. Kwa nje kilionekana safi. Kigari kilichotumika, hata hivyo, hakikaguliwi kwa kutazama rangi. Nilikilaza kwa ubavu juu ya magunia na kuanza na fremu: nikaigonga bomba kwa bomba kwa nyundo ndogo, kwa kuwa chuma kizima hutoa mlio mkali na kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa mlio mfu, kisha nikachokoa kwa bisibisi karibu na kila mshono wa kuchomelea, mahali ambapo maji hupenda kutulia. Nikapima mishazari miwili ya fremu, kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Fremu iliyogongwa na kunyooshwa kwa nguvu mara nyingi hujifichua hapo, na hakuna ulinganishaji wowote wa baadaye utakaoiponya.

Kutoka kwenye fremu nikahamia kwenye gurudumu. Nililishika juu na chini nikalitikisa ili kupima beringi, nikalizungusha huku nimeegemeza kalamu kwenye fremu ili nione kama rimu inayumba, halafu nikasoma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 3208 lilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2008, na hata likiwa na kashata nzima mpira wake umeshakauka. Tairi la kigari husafiri likiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo huzeeka kabla halijaisha, na wauzaji wengi husema kwa dhati kabisa kwamba tairi ni jipya kwa sababu tu halijalika. Nilibadilisha tairi, beringi na bushi za shokapu kabla ya kitu kingine chochote. Vifungio vilivyokuja na kigari, ambavyo vilikuwa vimekatwa kwa ajili ya pikipiki ya aina nyingine, niliviweka kando. Ni kishawishi kikubwa kutumia kifungio kinachokaribia kufaa, na ni kishawishi cha kukataliwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi hii. Kigari hushikwa kwa fimbo katika sehemu nne: mbili za chini, ambazo hubeba sehemu kubwa ya nguvu za kusukuma na kuvuta, na mbili za juu, ambazo huzuia pikipiki isilale upande wowote. Sehemu hizo zikilegea au zikipinda hata kidogo, vipimo vyote utakavyoviweka gereji vitabadilika barabarani kila unapoongeza mwendo, kila unapofunga breki na kila unapopita kwenye shimo. Mtu anaweza kupima kwa umakini mkubwa siku nzima, na chombo kikaendelea kuvuta kushoto, kwa sababu alichokipima ni fremu iliyotulia, na anachokiendesha ni fremu inayojikunja.

BMW ya zamani ilikuwa na jibu lake kutoka kiwandani. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1969 pikipiki zake zilikuwa na masikio ya kufungia kigari yaliyochomelewa kwenye fremu, pamoja na foku ya aina ya Earles, yenye mkono unaobeba gurudumu la mbele, ambayo ekseli ya mkono huo ingeweza kuhamishiwa kwenye tundu la pili kwa ajili ya kigari. Mfululizo mpya wa pikipiki za BMW ulioitwa /5 ulipotoka mwaka 1969 masikio hayo yaliondolewa, ikaja foku ya teleskopu, na fremu ya R100RT ni mrithi wa fremu hiyo nyepesi. Mabomba yake mawili makuu yanayozunguka injini ni imara, lakini sehemu ya nyuma inayobeba kiti ni mabomba membamba yaliyofungwa kwa bolti tu. Kufunga sehemu ya juu ya nyuma kwenye mabomba hayo ni kujitafutia ufa.

Kwa hiyo inahitajika fremu saidizi: kipande kingine cha mabomba kinachokaa chini na ubavuni mwa injini, kikiunganisha sehemu zote nne ili nguvu za kigari zisambae kwenye fremu nzima badala ya kung'ang'ania kwenye bomba moja. Injini ya BMW ya aina hii imeshikwa na bolti mbili ndefu zinazopita chini yake kutoka upande hadi upande, na bolti hizo ndizo nguzo bora za kuanzia. Ya kwangu ilichomelewa na fundi mmoja wa hapa ambaye kazi yake ya kila siku ni trela za mashambani, baada ya mimi kutengeneza mfano wa mbao na vipande vya bomba la plastiki ili kila pembe ionekane kabla ya chuma kukatwa. Nashauri sana njia hiyo ya mfano, kwa sababu upande wa kushoto wa R100RT una vikwazo ambavyo havionekani kwenye mchoro: silinda imechomoza na chini yake kuna bomba la ekzosi, kabureta iko nyuma yake, stendi ya pembeni inakunjukia hukohuko, na sehemu ya chini ya ngao ya upepo inaziba njia ya fimbo ya juu ya mbele.

Nilijiwekea sharti moja katika kuipanga: niweze kuondoa kifuniko cha valvu cha kushoto na kurekebisha valvu bila kufungua kigari. Injini hii hutaka valvu zake zikaguliwe mara kwa mara, na chombo kinachozuia matengenezo yake mwenyewe hatimaye hakitatengenezwa. Sharti hilo lilitulazimisha kupitisha fimbo ya chini ya mbele chini kabisa ya silinda na kuisogeza ya juu karibu na shingo ya fremu, na likaongeza kazi nyingi, lakini naliona kuwa uamuzi bora kuliko mwingine wowote katika mradi huu. Stendi ya pembeni iliondolewa, kwani chombo chenye magurudumu matatu hakiihitaji, na sanduku la mizigo la kushoto likabaki nyumbani. Fimbo mbili za juu zina uzi wa skrubu wa kulia mwisho mmoja na wa kushoto mwisho mwingine, ili zirefuke au zifupike kwa kuzungushwa tu, na kila uzi umeingia ndani si chini ya mara moja na nusu ya unene wake. Bolti zote ni za daraja la uimara la 8.8 au zaidi, na nati zote ni za kujifunga.

Ulinganishaji wenyewe una mambo manne, na mawili ya kwanza huamuliwa wakati wa kujenga fremu saidizi, kwa sababu baadaye ni vigumu kuyabadilisha. La kwanza ni upana, yaani umbali kati ya mstari wa magurudumu ya pikipiki na gurudumu la kigari. Ukiwa mdogo, kigari hunyanyuka upesi kwenye kona ya kushoto. Ukiwa mkubwa, usukani huwa mzito na gurudumu la pembeni hupata mkono mrefu wa kukuvuta. Nilichagua milimita 1,100. La pili ni mtangulio: gurudumu la kigari halikai sambamba na gurudumu la nyuma la pikipiki, hukaa mbele yake kidogo. Katika kona ya kulia, uzito wote huhamia kwenye kigari na kutaka kupiga pua yake chini, huku gurudumu la nyuma la pikipiki likinyanyuka, na mtangulio ndio unaoweka tegemeo mahali uzito huo unapoangukia. Mtangulio ukizidi, magurudumu hukwaruzana na barabara kila unapokata kona na matairi huliwa. Wafungaji wengi hukaa kati ya milimita 150 na 300, nami nikakaa kwenye 220.

Kabla ya kupima mambo mawili yaliyobaki, sakafu yenyewe ilibidi ipimwe. Sakafu za gereji hapa humiminwa zikiteremka kuelekea mlangoni ili maji yatoke, na mteremko huo ukiingia kwenye vipimo vyako huwezi kuujua tena. Nilitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji, kama mafundi ujenzi wa kwetu wanavyohamisha usawa kutoka nguzo hadi nguzo, nikatia vipande vya bati na mbao nyembamba chini ya magurudumu mpaka sehemu tatu za kugusa sakafu zikawa katika kimo kimoja. Nimetumia pimamaji za leza za gharama kubwa katika kazi nyingine, na sioni kwamba zingenipa chochote ambacho mpira ule haukunipa.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa ndani wa gurudumu la kigari. Gurudumu hilo halipaswi kwenda sambamba kabisa na magurudumu ya pikipiki. Pua yake hugeuzwa kidogo kuelekea pikipiki, ili lisukume chombo kulia kiasi kile kile ambacho uzito wake unakivuta kushoto. Kipimo chake hufanywa kwa miti miwili iliyonyooka. Mimi nilitumia mabomba ya mraba ya aluminiamu yenye urefu wa mita 2.5, kila moja likiwa juu ya matofali yenye kimo sawa, moja likiegemea upande wa kulia wa magurudumu ya pikipiki na jingine upande wa nje wa gurudumu la kigari. Hapa pana mtego mdogo. Tairi la mbele la R100RT ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo bomba linalogusa tairi la nyuma sehemu zake mbili, ya mbele na ya nyuma, halipaswi kuligusa la mbele. Lazima libaki pengo la nusu ya tofauti ya unene wao, na usukani ushikiliwe umenyooka kwa kamba pande zote mbili. Anayelibana bomba hilo mpaka liguse matairi yote mawili anakuwa ameshapotosha kipimo kabla ya kukisoma.

Ukishaweka mabomba, unapima umbali kati yake mbele ya gurudumu la mbele la pikipiki, kisha nyuma ya gurudumu la nyuma. Umbali wa mbele uwe mdogo. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili kwa vigari vingi huwa kati ya milimita 10 na 25, na kwa pikipiki nzito yenye kigari chepesi kama changu nilianza na 18. Katika urefu wa zaidi kidogo ya mita 2, milimita 18 ni takriban nusu nyuzi tu. Jicho haliwezi kuiona, ila tairi huihisi kila mita ya barabara.

La nne ni mwinamo wa nje, yaani pikipiki kuegemezwa kidogo upande usio na kigari. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto huegemeza mwili kulia bila kufikiri, na pikipiki inahitaji kufanyiwa vivyo hivyo. Barabara nazo zimejengwa zikiinuka katikati na kushuka kuelekea ukingo, kwa hiyo pikipiki iliyosimama wima kabisa gereji itakuwa imelalia kushoto mara tu ikiingia barabarani. Mwinamo wa kati ya nyuzi 1 na 2 hutosha. Kwa kuwa pimamaji yangu ina urefu wa milimita 600, niliiegemeza kwenye rimu na bomba la foku, nikarefusha fimbo za juu mpaka kiputo kiliposema wima huku kukiwa na pengo la milimita 10 upande mmoja, ambalo kwa urefu huo ni karibu nyuzi 1.

Jambo ambalo jedwali halisemi ni kwamba vipimo hivi vina maana tu chombo kikiwa na watu wake. Dereva anapokaa, springi za pikipiki zinashuka na mwinamo wa nje unaongezeka. Abiria anapoingia kwenye kigari, shokapu ya kigari inashuka na mwinamo unapungua. Kwa hiyo mke wangu alikaa ndani ya kigari na kitabu chake, jirani yangu mwenye uzito unaokaribiana na wangu akakaa kwenye kiti cha pikipiki, tangi likiwa nusu, nami nikazunguka na futi na spana. Kila fimbo moja inapozungushwa huzigusa nyingine. Ukiongeza mwinamo, mwelekeo wa ndani unabadilika kidogo, kwa kuwa sehemu za kuzungukia haziko katika mstari mmoja; ukirekebisha mwelekeo, sehemu moja ya juu inaanza kuvutwa. Kanuni niliyoifuata ilikuwa kwamba fimbo zote nne ziingie kwenye bolti zake kwa mkono, bila kulazimishwa kwa wenzo au nyundo. Bolti inayoingia kwa kulazimishwa ina maana kwamba fremu imeshakunjwa kabla ya safari, na mkunjo huo utaishia kwenye mshono wa kuchomelea.

Baada ya kukaza kila kitu nilipima upya kila kitu. Kukaza husogeza.

Breki na taa nitazitaja kwa ufupi. Pikipiki inapofunga breki peke yake, kigari chenye uzito wake huendelea kwenda mbele na kukigeuza chombo chote kulia; unapoongeza gesi, kigari hubaki nyuma na kukigeuza kushoto. Kigari changu kilikuwa na breki ya diski, nami nikaiunganisha na pedali ya breki ya nyuma ili magurudumu mawili yashike pamoja. Kiashiria cha kushoto kilihamia kwenye kigari, pamoja na taa ndogo nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa nyaya zenye plagi yake ili kigari kiweze kuondolewa. Bima iliarifiwa kabla chombo hakijagusa barabara, na ukaguzi wa kila mwaka wa hapa hutazama pia vifungio na ulinganifu wa kigari.

Usukani unastahili maneno zaidi. Katika pikipiki yoyote, mstari wa shingo ya usukani ukiendelezwa hadi chini huigusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga, na umbali kati ya nukta hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Kwa magurudumu mawili umbali mkubwa ni msaada. Kwa magurudumu matatu ni mzigo, kwa sababu chombo hakiinami na kila kona lazima ikatwe kwa nguvu za mikono dhidi ya gurudumu linalotaka kunyooka. Ndiyo sababu pikipiki za Ural, zenye asili ya Irbit nchini Urusi na zinazotengenezwa zikiwa na kigari, zina foku ya mkono badala ya teleskopu, na ndiyo sababu lile tundu la pili kwenye foku ya Earles lilikuwapo. Foku hizo hupunguza umbali huo na pia hazijipindi kirahisi zinaposukumwa kwa ubavu. Mimi nimebaki na teleskopu kwa sasa, nikiwa nimeweka springi ngumu zaidi, daraja la chuma linalofunga miguu miwili ya foku pamoja, na dampa ya usukani, yaani kifaa cha kupooza mitikisiko yake. Dampa hiyo ni ya lazima: kwa mwendo mdogo, hasa kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa, usukani wa chombo cha namna hii hupenda kutikisika wenyewe, na mtikisiko huo ukiachwa hukua.

Safari ya kwanza inapaswa kuwa mahali pana pasipo watu, na kigari kisiwe kitupu. Niliweka mifuko ya mchanga yenye jumla ya kilo 35 sakafuni, karibu na gurudumu, nikaifunga kwa mikanda. Kigari kitupu hunyanyuka katika kona ya kushoto mapema mno kwa dereva mgeni, na silika ya mwendesha pikipiki anapohisi kunyanyuka ni kunyoosha usukani, jambo linalompeleka moja kwa moja upande wa magari yanayokuja. Jibu sahihi ni kupunguza mwendo kabla ya kona, kuhamishia kiwiliwili upande wa kigari, na kuendelea kugeuza. Hili halisomwi likaeleweka. Mwili lazima urudie mpaka uache tabia ya zamani, na ningemwomba kila anayefunga kigari asimpakie mtu yeyote kabla ya hapo.

Baada ya mwili kuzoea ndipo barabara inapoanza kusahihisha vipimo vya gereji. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa safari wa kilomita 80 kwa saa, nililegeza mikono bila kuiachia na kutazama chombo kinaelekea wapi. Kilivuta kushoto, kidogo lakini bila kukoma, na mabega yaliniambia hivyo kabla ya macho. Niliongeza mwinamo wa nje kwa kuzungusha fimbo za juu nusu mzunguko kwa wakati, zote mbili kwa kiasi kimoja, mpaka mvuto ukaisha kwenye barabara yenye mteremko wa kawaida wa ukingo, na nikaishia karibu nyuzi 1 na nusu. Sikugusa mwelekeo wa ndani katika hatua hii. Watu wengi huutumia kuondoa mvuto, kwa kuwa ni rahisi kuufikia, na matokeo yake ni chombo kinachokwenda sawa huku kikimaliza matairi.

Mwelekeo wa ndani husomwa kwenye tairi lenyewe. Baada ya kilomita mia kadhaa unapitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza kama msumeno, tairi linaburuzwa kwa ubavu, na mwelekeo haufai. La kwangu lilikwaruza kidogo, nikapunguza kutoka milimita 18 hadi 15, na katika ukaguzi uliofuata kiganja kilipita sawa pande zote mbili. Tairi la nyuma la pikipiki, hata hivyo, litaisha upesi kuliko zamani kwa hali yoyote ile, kwa sababu linasukuma chombo kizito zaidi na linakanyaga kwa ukanda wa katikati tu, na anayefunga kigari aliingize hilo kwenye bajeti yake.

Kipimo changu cha sasa basi ni hiki: upana 1,100, mtangulio 220, mwelekeo wa ndani 15, mwinamo nyuzi 1 na nusu, abiria akiwa ndani. Mwenye R100RT kama yangu na kigari kizito kuliko changu atapata namba nyingine, na zitakuwa sahihi kwake. Bolti zote nilizirudia kwa spana ya kupimia nguvu baada ya safari ya kwanza ndefu, na mbili za chini zilikubali kuzunguka kidogo, kama ilivyotarajiwa kwa chuma kipya kinachokaa mahali pake. Tangu hapo nimezichora alama ya rangi nyeupe kati ya nati na fremu ili kulegea kokote kuonekane kwa tochi. Kilichobaki ni gia. Ekseli ya nyuma ya R100RT imepangwa kwa mwendo mrefu wa pikipiki pekee, na kwenye milima ya Wales klachi inafanya kazi kuliko ninavyopenda, kwa hiyo natafuta ekseli yenye uwiano mfupi zaidi wa gia, meno 37 kwa 11, ambayo itaiwezesha injini kuuvuta mzigo huu bila kulalamika.